Mapishi ya Jioni Ughaibuni Yanaanzia Kwenye Begi Ulilofunga Dar

Ndugu yangu unayerudi ughaibuni baada ya likizo ya Dar, mapishi yamo humu na nitayafikia. Kwanza sikia hili: usivuke forodha ya Ulaya ukiwa na nyama au kitu chochote cha maziwa. Nyama kavu, samli, mtindi, jibini, sambusa za nyama, vyote viache. Hata kama ni kidogo. Hata kama kimeshapikwa. Hata kama aliyekupa ni mama yako mzazi.

Mimi naishi Ujerumani, na yaliyonikuta kwenye uwanja mmoja wa ndege wa huko ndiyo yaliyonifanya niandike. Nilipokuwa naaga Mbagala, shangazi alinikabidhi ndoo ndogo ya plastiki yenye unga wa muhogo, mfuniko umezungushiwa gundi ya karatasi mara kadhaa. Nikamuuliza, "Shangazi, humu kuna nini?" Akajibu, "Unga tu mwanangu, na dagaa kidogo kwa juu." Tulipotua, ofisa akaniita pembeni, akavaa glavu, akaumimina ule unga wote juu ya meza ya chuma. Katikati ya unga kikatokea kifurushi cha foili kilichofungwa kwa kipande cha khanga. Ndani, nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa chumvi na ndimu. Chini kabisa, chupa ya samli. Kifuniko kilikuwa kimelegea, samli imevuja hadi kwenye dagaa, kwa hiyo na dagaa, ambao peke yao hawakuwa na kosa lolote, wakaenda pipani. Nikaandikiwa faini.

Faini niliilipa. Kilichonikaa moyoni ni kile kufichwa. Nyama iliyowekwa wazi juu ya nguo inaonekana ni ya msafiri asiyejua sheria. Nyama iliyozikwa ndani ya unga, mbele ya macho ya ofisa, ni magendo. Nilieleza kwamba ndoo sikuifunga mimi, na yule ofisa alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akaendelea kuandika. Kwao mwenye begi ndiye mwenye mzigo. Hakuna mlango wa kusema "nilipewa tu".

Sasa uone mtego wenyewe ulipo. Ukishachukua begi lako, mbele yako kuna njia mbili, ya kijani na nyekundu. Wengi wetu tunaichukulia ile ya kijani kuwa njia ya kutokea, unafuata watu unatoka. Kisheria, ukiikanyaga tu umeshatamka kwamba huna kitu cha kutangaza, hata kama hukufungua mdomo. Ukikutwa na kitu baada ya hapo, umedanganya serikali ya watu. Njia nyekundu ndiyo ya kumwambia ofisa, "Nina vyakula, naomba mvitazame." Ukivionyesha mwenyewe, kwa kawaida kilichokatazwa kitachukuliwa na wewe utaendelea na safari yako. Narudia kwa sababu najua watu hawasikii mara ya kwanza: una shaka na kitu hata kimoja, pita nyekundu.

Na msidhani ni roho mbaya tu kwa Waafrika. Mwaka 2001 Uingereza ilipatwa na ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo, na zaidi ya wanyama milioni sita wakachinjwa. Ujerumani yenyewe ilikuwa imekaa bila ugonjwa huo tangu 1988, ukaja kuibuka tena Januari 2025 kwa nyati wa kufugwa karibu na Berlin. Virusi vyake hubaki hai kwenye nyama na kwenye maziwa, na kwetu Tanzania ugonjwa upo kwenye mifugo miaka yote. Ukiwa na ng'ombe zako nje ya Berlin, nyama kavu ya mtu usiyemjua ni tishio la kweli. Hata Waulaya wenyewe hawajasalimika: tangu Aprili 12, 2025 Uingereza inazuia abiria kuingia na nyama na maziwa kutoka nchi za Umoja wa Ulaya, na kwa kosa kubwa faini inaweza kufika pauni 5,000. Kwa hiyo wewe wa Hamburg unayekwenda kumsalimia dada London, soseji na jibini viache kwenye friji yako. Marekani, kutotangaza chakula kunaweza kukugharimu hadi dola 10,000. Australia tangu 2019 wana uwezo wa kukufutia viza papo hapo uwanjani. Tafakari umesomeshwa kwa michango ya ukoo, halafu viza inafutwa kwa ajili ya kimfuko cha nyama.

Hapa niseme na ndugu zetu wa nyumbani, kwa heshima zote. Shangazi, mama wadogo, mawifi, tunajua mnatupenda. Tunajua mnadhani kule tunakula mkate mkavu. Lakini kumfichia msafiri kitu ndani ya mzigo si mapenzi, ni kumwingiza mtoto wa mtu kwenye matatizo. Na ile ya "mpelekee na mtoto wa jirani, yuko hukohuko Ulaya" ikome kabisa. Ulaya si Temeke, mtu anaweza kuwa saa kumi za treni kutoka ninapokaa, na kifurushi chake sikijui kina nini. Msafiri naye asione haya. Usiku wa kuamkia safari, tandika mkeka sebuleni, fungua kila kopo, kila ndoo, kila kilichoshonwa na kilichozungushiwa gundi, mwenye mzigo akiwa amekaa palepale. Atanuna. Mwache anune. Bora anune Mbagala kuliko wewe ulie mbele ya meza ya chuma.

Vinavyoruhusiwa kuingia nchi za Umoja wa Ulaya vinatosha kabisa kukulisha. Samaki wakavu na dagaa, hadi kilo 20 kwa mtu. Asali, hadi kilo mbili, kwa hiyo ile ya Tabora inapita. Matunda mabichi matano tu hayahitaji cheti cha afya ya mimea: nazi, ndizi, nanasi, tende na duriani. Embe, pilipili mbuzi, matembele, kisamvu kibichi, ndimu, mihogo na mbegu za mchicha za kwenda kuotesha kwenye kopo dirishani vinataka cheti, na wewe huna. Viungo vikavu havina shida: iliki, mdalasini, karafuu, binzari nyembamba, pilipili manga. Vinunue Kariakoo vikiwa vizima, uvisage kwako, harufu inakaa muda mrefu. Unga nunua wa pakiti ya kiwandani yenye maandishi. Unga mweupe usio na jina ndani ya mfuko unaomba maswali.

Sasa jikoni.

Wali wa nazi. Nazi ya kukuna na mbuzi ukiipata vizuri, lakini siku za kazi tumia tui la kopo. Kosa la wengi ni kumwaga kopo zima tangu mwanzo, wali unashika chini na juu unakuwa mbichi. Kopo lisitikiswe. Lile zito lililoganda juu lichote weka pembeni, lililobaki chini lichanganye na maji, ndilo tui lako la pili, pikia mchele hilo pamoja na chumvi na iliki mbili. Maji yakikaribia kukauka, mwagia lile zito, geuza mara moja, funika. Na kwa kuwa huna mkaa wa kupalia juu ya sufuria, ingiza sufuria yenyewe kwenye oveni, moto nyuzi 150, kama dakika 20. Hakikisha tu mshikio si wa plastiki. Utatoka wali uliochambuka, na ukoko mwembamba chini kwa anayeupenda.

Dagaa. Wa Kigoma ndio ninaowabeba, wana mafuta na hawana mchanga mwingi. Watoe vichwa, waoshe kwa maji ya vuguvugu, wakauke, kisha wakaange bila mafuta kwenye kikaango hadi walie wakigusana. Kazi hii ifanye Jumamosi mchana, dirisha wazi, mlango wa jikoni umefungwa, wa mwezi mzima kwa pamoja. Watie kwenye chupa, friji. Jioni ukirudi kazini umechoka, kitunguu, nyanya, dagaa mkono mmoja, tui kidogo, ndimu mwishoni. Chakula kipo mezani kabla wali haujaiva.

Ugali hauna maelezo mengi, ila usidanganywe na polenta ya supamaketi. Ni chenga, haishikani, na ni ya njano. Unga laini wa mahindi meupe upo kwenye maduka ya Waafrika. Mboga: mchicha badala yake ni spinachi ya kugandishwa, uikamue maji kabisa, uipike na siagi ya karanga isiyo na sukari; soma nyuma ya kopo kabla ya kununua. Baridi ikianza inatoka mboga ya majani ya mikunjo wanayoiita Grünkohl, toa ule uti wa kati, kata nyembamba, kaanga na kitunguu, na hutatafuta sukuma wiki tena. Kisamvu nunua kilichotwangwa na kugandishwa, na usikifupishe moto. Majani yale yana sumu ambayo nyumbani inaondoka kwa kutwangwa na kuchemshwa sana, na mtu akikipika dakika kumi kwa haraka anajitafutia balaa.

Kwa maharage nakusihi utulie. Maduka ya Waturuki yamejaa maharage mekundu kwa bei nzuri, usibebe ya nyumbani. Lakini vijana wengi siku hizi wananunua yale masufuria ya umeme yanayopika polepole kutwa nzima, wanaweka maharage makavu asubuhi, wanakwenda kazini. Hatari. Maharage mekundu mabichi yana sumu inayokufa kwa maji yanayotokota hasa, na sufuria ile inaweza isifike joto hilo. Mtu anatapika usiku kucha na kudhani nyama ilikuwa mbovu. Loweka usiku, mwaga maji yale, weka maji mapya, yatokote kwa nguvu dakika kumi au zaidi, ndipo uyahamishie unakotaka. Mama hakukufundisha hili kwa sababu jiko la mkaa la Dar lilikuwa linatokota lenyewe tangu saa nane mchana.

Kiporo nacho kiingie friji mapema. Nyumba zao zina joto ndani wakati wa baridi, na wali uliolala juu ya jiko unaharibu tumbo.

Wenyeji wetu jioni wengi wanakula mkate, jibini na soseji, baridi, wamemaliza. Siwalaumu, ndivyo walivyokua. Mimi naona wamepoteza kitu kikubwa: sufuria linalonukia hadi kwenye ngazi na mtu anayegonga mlango kwa sababu hiyo. Huku mgeni anakuja kwa tarehe iliyopangwa wiki mbili kabla. Lakini nikiri, sheria zao zimeandikwa wazi na zinamgusa kila mtu sawa, jambo ambalo sisi tunalipigia kelele nyumbani kila siku. Saa nne usiku ni kimya, kwa hiyo kinu cha kutwangia kitunguu saumu kisifanye kazi saa hiyo. Jumapili maduka yamefungwa, nunua Jumamosi. Harufu ya samaki jirani akilalamika, usigombane. Mpelekee sahani ya wali. Wangu wa ghorofa ya juu, mzee wa makamo ya baba yangu, sasa ananiuliza mwenyewe Jumamosi kama nitakaanga.

Neno kwa wanaodhani njia ya posta ni salama zaidi: nyama na maziwa kwa posta vimekatazwa vilevile, na kifurushi kinaweza kufunguliwa bila wewe kuwepo. Ndugu akitaka kukutumia kitu, akupigie picha kila kimoja kabla hajafunga kisanduku, kisha akupigie picha kisanduku kikiwa wazi. Ukiona kopo lililofungwa gundi, mwambie alifungue akuonyeshe hadi chini.