Kutimiza Ndoto ya Utotoni ya Kuigiza Nguva

Kiswahili kina jina moja, nguva, kwa yule mnyama mpole wa baharini alaye nyasi na kwa yule mwanamke wa hadithi mwenye mkia wa samaki, na anayetaka kumwiga wa pili angefanya vyema kumtazama kwanza wa kwanza: huogelea bila papara, huibuka kuvuta pumzi, kisha huzama tena kama hakuna lililotokea. Watu wengi huanzia kwenye mkia. Mimi nashauri uwe ununuzi wa mwisho, kwa sababu mkia hauwezi kuficha uso wa mtu anayetapatapa.

Anza kwa kuogelea vizuri, ukiwa umebana miguu pamoja na kuupeleka mwili kwa mawimbi yanayoanzia kifuani, yakapita kiunoni hadi kwenye vidole. Ukisukuma kwa magoti pekee, utaonekana kama mtu aliyefungwa kamba. Kisha jifunze kubana pumzi kwa mkufunzi wa kupiga mbizi, na kamwe usifanye hivyo peke yako. Kuhema harakaharaka kabla ya kuzama hakukuongezei oksijeni ya maana, bali hupunguza kaboni dioksidi, ambayo ndiyo humfanya mtu ahisi haja ya kupumua, na hivyo anaweza kuzimia ndani ya maji bila onyo lolote, hata kwenye bwawa la kina kifupi. Masikio nayo husawazishwa mapema, kwa kubana pua na kupuliza taratibu, kabla maumivu hayajaanza.

Uso ndio unaohitaji mazoezi mengi kuliko yote. Mwombe mwenzako akurekodi video chini ya maji, kisha ujitazame bila kujionea huruma: mara ya kwanza utaona macho yaliyofinywa na mashavu yaliyovimba kama ya mpiga zumari. Legeza taya, fungua macho bila miwani, tabasamu, na unapogeuka kichwa chini toa hewa kidogo puani kwa kuguna ili maji yasiingie. Kwa kuwa utaona kwa ukungu, kariri mahali watazamaji walipo, ili busu la mapovu unalowarushia lisielekee ukutani.

Ustadi huo una historia. Mwaka 1947, Newton Perry alifungua ukumbi chini ya maji katika chemchemi ya Weeki Wachee, jimbo la Florida, Marekani, akawafundisha wasichana kuvuta hewa kwa mabomba ya mpira huku wakicheza, wakila na kunywa mbele ya watazamaji walioketi nyuma ya vioo, na maonyesho ya nguva yangalipo huko.

Sasa ndipo ununue mkia. Wa kitambaa kinachovutika, wenye pezi moja pana la miguu yote miwili, ni mwepesi na unamfaa anayeanza. Wa silikoni hupendeza zaidi, lakini unaweza kuzidi kilo 15 ukiwa nchi kavu. Keti ukingoni, lowesha miguu, uukunje mkia kama soksi na kuupandisha kidogokidogo. Kabla ya onyesho lolote, hakikisha unaweza kuuvua ndani ya maji bila msaada. Asiyeweza hilo bado hajawa tayari, hata awe mzuri namna gani.

Ukialikwa, nenda na msaidizi mwenye ujuzi wa uokoaji ambaye hana kazi nyingine ila kukutazama, mkubaliane ishara ya mkono ya kuomba msaada, na awepo wa kukubeba, kwa sababu nguva hatembei. Watoto watakuuliza unalala wapi na kama mkia ni wa kweli, basi uwe na majibu yako tayari. Baada ya onyesho, suuza mkia kwa maji baridi yasiyo na klorini wala chumvi, kisha uulaze kivulini bila kuukunja hadi ukauke ndani na nje.