Kimbunga kikitangazwa, anza na mbegu

Ndugu zangu wakulima wa pwani ya kusini, habari za kazi. Haya naandika nikiwafikiria zaidi walioko bondeni Rufiji na Kibiti, halafu Mafia, Kilwa, Lindi mpaka Mtwara, maana kwetu vimbunga vinapenda kuja masika inapoelekea kuisha, Aprili na Mei, yaani wakati ule ule mpunga unaiva, ufuta unakaribia kukatwa na ndani hamna akiba zaidi ya mbegu na masalio ya mwaka jana.

Najua wengi washachoka na matangazo. 2019 kilitangazwa kimbunga Kenneth, watu Mtwara wakahamishwa, kikaenda kupiga Cabo Delgado kule Msumbiji. 2021 kikatangazwa Jobo, kikaishiwa nguvu kabla hakijatufikia. Sasa Mei 2024 kilipotajwa Hidaya watu wakasema ni yale yale, na chenyewe kikafika mpaka Mafia, wakati huo ardhi imeshashiba maji ya masika na bonde la Rufiji limeshafurika tangu Aprili, barabara ya kusini ikakatika maeneo ya Somanga na magari yakalala njiani. Na wazee wa Lindi wana habari za kile kimbunga kilichowapiga Aprili 1952. Kwa hiyo kutangazwa mara mbili kikapita pembeni isiwe sababu ya kukaa barazani mara ya tatu, gharama ya kujiandaa bure ni siku mbili za jasho, ya kutojiandaa ni msimu mzima.

Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatoa utabiri wa siku tano na rangi zake, njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Mi nashauri hivi, mkoa wako ukipakwa njano anza kupanga na kuangalia turubai limetoboka wapi, ukipakwa chungwa acha palizi, acha kila kitu, ni kuvuna na kuhamisha tu. Ikifika nyekundu kazi ya shamba imeisha, toa watu. Na walio bondeni wasiangalie mawingu ya kwao peke yake, Rufiji inaletewa maji na Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, huko juu inanyesha leo, maji yanakuja kukupandia wewe siku nyingine kabisa jua linawaka Utete na nguo umeanika. Muulize ndugu yako aliyeko juu ya mto kwa simu, na sikiliza matangazo ya serikali kuhusu maji yanayofunguliwa Bwawa la Julius Nyerere, lililo juu kwenye mto huo huo.

Haya, sasa ukishaambiwa kinakuja unaanza na nini? Watu wengi nikiwauliza wanasema godoro, tivii, bati. Mi nasema mbegu. Nyumba ya miti na udongo utaijenga na majirani, lakini maji yakishapungua kila mtu bondeni anatafuta mbegu siku moja, dukani imeisha au bei imeruka, na ile ya msaada ikija inakuja wakati unyevu umeshakauka. Masika yale ya 2024 nilimkuta mama mmoja bondeni amepoteza mpunga wote, lakini alikuwa ameweka kunde na mahindi ya mbegu kwenye madumu ya mafuta, kaziba vizuri, kayapandisha juu ya dungu, kile kibanda cha shambani kilichoinuliwa kwa nguzo, na yeye ndo alikuwa wa kwanza kupanda pale kijijini, wengine wakaja kumkopa kwa kibaba.

Mbegu inataka iwe kavu kwanza. Ukifungia mbegu mbichi kwenye dumu umeipika mwenyewe. Chukua chupa kavu ya kioo, tia punje kidogo na chumvi kavu kijiko kimoja, tikisa dakika mbili tatu, iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo mahindi bado yana maji, anika tena, isipoganda funga. Mifuko ya PICS, ile ya kuhifadhia nafaka bila dawa, ni mizuri ila inazuia hewa na wadudu, haijatengenezwa kuogelea, panya akitoboa au ukiuburuza kwenye msumari basi, kwa hiyo kwa mafuriko dumu au pipa la plastiki lenye mfuniko ni bora zaidi. Gawa sehemu mbili, moja juu ya dungu au kwenye kenchi ya nyumba, nyingine mpeleke shangazi aliyeko mwinuko, usiweke zote sehemu moja hata kama unaiamini vipi. Na kumbuka ya kuhifadhi ni mbegu ya kawaida, kwa mahindi kama Staha, chotara ukirudisha shambani haikupi kama ilivyokupa mwanzo.

Muhogo mbegu yake ni mti, na hapa ndo watu wanasahau kabisa. Kata miti iliyokomaa, isiyo na magonjwa ya batobato wala michirizi kahawia, ifunge mafungu, isimamishe kivulini sehemu ya mwinuko vile vile ilivyokuwa imeota, chini chini na juu juu, itakaa wiki kadhaa bila shida.

Baada ya mbegu ndo unaenda kuvuna, na hapa lazima uchague kwa sababu mikono haitoshi. Mpunga wenye punje nane kati ya kumi zimegeuka rangi, vuna, usisubiri hizo mbili zikomae, mpunga ukilala kwenye maji punje zinachipua kwenye suke na hata mchele wake unakatika katika kinuni. Mpunga ambao bado kijani uache, huwezi kuusaidia na pengine wenyewe utasimama. Ufuta ambao majani yameanza kunyauka njano na vitumba vya chini vinabadilika, kata, funga mafungu madogo, simamisha kwenye kichanja kilichoinuka na turubai juu, lakini pembeni acha wazi upepo upite, ukiufunika gubigubi unavunda na bei ya ufuta mweusi kwa kuvunda kila mtu anaijua.

Muhogo uliokomaa sehemu ya chini ya shamba ng'oa, ukikaa majini siku mbili tatu unaanza kuoza ukiwa ardhini. Tatizo makopa yanataka jua na jua halipo, kwa hiyo ng'oa wa kula na kuuza haraka, sio shamba zima. Na hapa naomba mnisikilize sana, mihogo michungu isipunguzwe kazi yake kwa sababu ya njaa. Kuna sumu mle, inatoka kwa kuloweka na kukausha siku zake zote, watu wakiila nusu nusu wiki kwa wiki miguu inapooza na hairudi. Tafadhali, hasa watoto.

Minazi angua, dafu na koroma zote zilizo karibu na nyumba, nazi ikirushwa na upepo ni jiwe. Migomba yenye mikungu iliyokomaa kata, iliyobaki punguza majani makubwa ubakize machache ya katikati, upepo ukose pa kushika, na weka nguzo. Mikorosho toa matawi makavu, ila usianze kupogoa sana wakati huu. Mwani uliofikia umri utoe kwenye kamba kabla bahari haijachafuka, na ulioanikwa uingize ndani, mvua inauharibu wote.

Salfa ya mikorosho, mbolea na dawa za mimea zote zipande juu, ndani ya sandarusi mbili, na ziwe mbali na chakula. Nimeshaona chupa za dawa zinaelea kwenye maji yale yale watu wanayochota, sitaki kuiona tena.

Mifugo usifunge kamba. Narudia, usiondoke umefunga mbuzi kwenye kamba au umewafungia bandani kwa kufuli, wahamishe mapema mwinuko na majani ya siku mbili tatu, ikishindikana fungua mlango. Kuku tia kwenye matenga. Chanjo ya kideri ilitakiwa iwe imechanjwa kabla ya masika maana kinga haijengeki siku moja, na baada ya mafuriko mwambie daktari wa mifugo ukiona ng'ombe, mbuzi au kondoo wanatupa mimba kwa wingi, inaweza kuwa homa ya bonde la ufa ambayo inapata na watu, mwaka 2007 ilituua. Mzoga usichinjwe wala usichunwe ngozi, kimeta nacho huamka maji yakitifua udongo.

Mafuriko yenyewe yakija, mtu asirudi shambani kufuata gunia. Usiku hasa, mamba na viboko nao wamehama, na mtumbwi kwenye maji yanayokimbia na visiki chini hauna fundi.

Yakishuka, usikimbilie na jembe la ng'ombe au trekta kwenye tope, unaukandamiza udongo na mizizi itakosa hewa miaka. Nafaka iliyolowa na kuota ukungu usiioshe ukaianika ukala, ukungu unaweza kuacha sumukuvu, haiondoki kwa kuosha wala kupika. Mikorosho michanga iliyolala inyanyue ndani ya siku chache mizizi haijakauka, shindilia udongo, weka mti wa kuegemea. Kama maji ya bahari yaliingia shambani, onja ya kisimani na ya mfereji, yakiwa na chumvi fungulia njia mvua isafishe kwanza, usipande siku hiyo.

Halafu wa bondeni mna mlau, kilimo cha kupanda kwenye unyevu maji ya mafuriko yanapopungua. Toa mbegu kwenye dumu, hesabu 50, zifunge kwenye kitambaa kibichi, zikichipua 40 na zaidi panda, zikiwa pungufu ongeza punje kwenye shimo. Usisubiri bonde lote likauke, anza juu kwenye ukingo ambapo tope limeanza kushika mguu bila kuuzamisha, kunde, mahindi, maboga, na kila siku maji yakirudi nyuma hatua chache na wewe yafuate na kijiti chako cha kupandia mpaka chini kabisa.