Kununua Nyumba Mpya ya Familia Kando ya Mto Pangani

Nyumba iliyomalizika kujengwa mwaka huu ina sifa moja inayovutia na upungufu mmoja unaosahaulika. Sifa yake ni kwamba kuta zimenyooka, rangi inang'aa na hakuna mpangaji aliyeiharibu. Upungufu wake ni kwamba haijapitiwa na masika hata moja, na kwa hiyo hakuna mtu, akiwemo fundi aliyeijenga, anayeweza kukuhakikishia itastahimili maji kiasi gani. Penginepo jambo hilo lingeweza kupuuzwa, lakini si Pangani, mji mdogo wa mkoa wa Tanga uliopo mahali mto unapoingia Bahari ya Hindi, kiasi cha kilomita 50 kusini mwa jiji la Tanga, ambako maji humfikia mwenye nyumba kwa njia mbili: kutoka bara wakati wa mvua, na kutoka baharini wakati wa kujaa. Anayetaka kununua nyumba mpya ya kuishi na familia yake mjini Pangani, au Bweni ng'ambo ya mto, au katika vijiji vilivyo juu kidogo, aanze kukagua maji, kisha jengo, kisha karatasi. Wanunuzi wengi huanza na jengo kwa sababu ndilo linalopendeza macho, na wakishalipenda, kila kasoro ya ardhi huonekana ndogo.

Kitu cha kwanza cha kupima ni umbali kati ya ukuta na mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inaruhusu eneo la namna hiyo kutangazwa kuwa ardhi ya hatari. Muuzaji anaweza kukwambia kwamba majirani wote wamejenga hapo, na huenda ni kweli, lakini wingi wa majirani si kibali, na siku amri ya kubomoa ikitolewa kila mmoja hujitetea peke yake. Azima utepe mrefu, uende wakati wa bamvua, yaani siku chache zinazofuata mwezi mwandamo au mwezi mpevu, usubiri maji yajae mpaka yasimame, kisha upime kutoka pale yalipofika hadi kwenye ukuta ulio karibu zaidi, ukihesabu karo na uzio kuwa sehemu ya nyumba. Anayepima siku za maji mafu, yaani zile ambazo maji hujaa kidogo tu, au saa ya kupwa, atapata kipimo kinachompendeza muuzaji. Tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua katika pwani hii hupita mita tatu kwenda juu, na mahali ambapo ukingo una mteremko mdogo, kimo hicho hufunika eneo kubwa la ardhi ambalo mchana wa kupwa lilionekana kavu na zuri la kuchezea watoto.

Uwapo hapo, iangalie mikoko. Mikoko ya Tanzania ni misitu ya hifadhi, haikatwi bila kibali, na ndiyo inayoshikilia tope la ukingo lisichukuliwe na mkondo. Kiwanja ambacho mikoko yake imefyekwa ili kufungua mandhari ya mto kina matatizo mawili kwa pamoja, la kisheria na la mmomonyoko, na muuzaji huitaja mandhari hiyo kama faida. Mimi ningekiacha hata kama nyumba ni nzuri.

Maji ya bara yanahitaji uchunguzi wa aina nyingine, kwa sababu hayaji kila mwezi. Mto Pangani hukusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, na Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960, huyapunguza kasi; ndiyo sababu utasikia watu wakisema kwamba mafuriko makubwa hayawezi kufika mdomoni mwa mto. Hoja hiyo inasahau kwamba mito ya Mkomazi na Luengera, inayoshusha maji ya milima ya Pare na Usambara, inaingia Pangani chini ya bwawa hilo, ambako haizuiwi nalo. Kwa hiyo waulize wenyeji, na uwaulize vizuri. Ukimwendea mzee ukamwambia, "Shikamoo mzee, hapa mafuriko yanafika?", mara nyingi atakujibu kwa heshima kwamba hapana, hasa akijua kwamba muuzaji ni jamaa yake. Kaa kwanza, jitambulishe unakotoka na kwa nini unataka kuhamia, kisha muulize mwaka wa Elninyo, yaani 1997 kuingia 1998, kuku na mbuzi walipelekwa wapi. Muulize pia mvua zilizoanza mwishoni mwa 2023 zikaendelea hadi Kimbunga Hidaya cha mwanzoni mwa Mei 2024, njia ipi ilifungwa na kwa muda gani. Swali la mahali walikohamishia mifugo hujibiwa kwa kuoneshwa kwa kidole, na kidole hicho kina thamani kuliko maelezo ya dalali. Baada ya hapo tazama nyumba kuukuu zilizo jirani: kama zote zimekaa upande mmoja ulioinuka na nyumba mpya imekaa peke yake bondeni, waliojenga zamani walikuwa na sababu.

Jengo lenyewe likaguliwe pamoja na fundi wako, asiyejuana na aliyejenga, na posho yake umlipe wewe. Hatari kubwa kwenye ujenzi wa hapa ni chumvi. Mchanga wa ufukweni na wa karibu na mdomo wa mto upo bure na upo karibu, na mjenzi anayejenga ili auze ana kishawishi cha kuutumia, ilhali chumvi iliyomo huvuta unyevu na kula nondo zilizo ndani ya zege. Rangi mpya huficha dalili, hivyo tafuta mahali ambako fundi wa rangi hakufika: nyuma ya kabati la jikoni, juu ya dari, ndani ya uzio, kwenye kuta za chemba za maji taka. Unga mweupe unaotoka kwenye lipu karibu na sakafu, au lipu inayomeguka ukiikwangua kwa msumari, ni dalili mbaya, na fundi mzoefu hukwangua kidogo akaonja kwa ncha ya ulimi kabla ya kutoa kauli. Angalia pia kama kuna mstari wa rangi ya kutu unaochungulia chini ya lenta, kwani nondo iliyoanza kutoa kutu katika nyumba isiyokaliwa bado haitangojea watoto wako wamalize shule ya msingi.

Sakafu ya ndani iwe juu ya alama ya maji uliyooneshwa na wenyeji, na kwa nyumba ya bondeni hilo humaanisha ngazi kadhaa mlangoni, si kizingiti tu. Uliza kama chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, kuliwekwa nailoni nzito ya kuzuia unyevu na kama udongo ulipigwa dawa ya mchwa. Mambo hayo hayaonekani tena baada ya zege kumwagwa, lakini mafundi wa siku hizi hupiga picha za kila hatua ili wamtumie mwenye kazi, kwa hiyo omba kuziona kwenye simu: msingi, nondo, jamvi, kenchi. Mjenzi anayesema hana hata picha moja huenda anasema kweli, lakini bei yake isiwe sawa na ya mwenye picha. Kwenye paa, kumbuka kwamba geji ndogo ndiyo bati nene, na upepo wa bahari huanza kazi yake kwenye misumari kabla ya kufika kwenye bati.

Choo kinastahili jaribio la peke yake. Maji ya ardhini yaliyo karibu na mto hupanda na kushuka pamoja na mawimbi ya kujaa, na shimo la kunyonya lililochimbwa siku ya maji mafu linaweza kujaa lenyewe wakati wa bamvua, kabla hata familia haijaingia. Rudi saa ya kujaa, fungua mfuniko wa shimo, tazama maji yamefika wapi, kisha mimina ndoo kadhaa mfululizo chooni ukisikiliza kama zinateremka au zinasita. Kama nyumba ina kisima, yaonje maji yake wakati wa kupwa na wakati wa kujaa. Matumizi makubwa ya maji huko juu, ya umwagiliaji na mengineyo, yamepunguza nguvu ya mto, na chumvi ya bahari imepata nafasi ya kupanda zaidi kuelekea bara. Kisima kinachosifiwa kwa utamu na mwenyeji anayekikumbuka tangu utotoni si lazima kiwe kitamu leo. Ukikusudia kuchimba kisima kirefu kwa mashine, kibali hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi.

Kwenye karatasi, tambua kwanza ardhi ni ya aina gani. Kiwanja kilichopimwa mjini huwa na barua ya toleo au hatimiliki, yenye muda usiozidi miaka 99, na hapo omba upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi ya mkoa, Tanga, ili uone jina la mmiliki, rehani ya benki kama ipo, na zuio lolote lililowekwa. Ardhi ya kijiji hutawaliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Hati yake ni ya hakimiliki ya kimila, na mgeni wa kijiji hawezi kuinunua kwa kupatana na muuzaji peke yake bila halmashauri ya kijiji kuridhia. Mhuri wa mwenyekiti kwenye karatasi ya mauziano unathibitisha kwamba alishuhudia, basi; haukupi umiliki. Omba pia kibali cha ujenzi na michoro iliyogongwa mhuri na Halmashauri ya Wilaya ya Pangani, ulinganishe idadi ya vyumba na mahali jengo lilipokaa. Hatua hii ndiyo inayoonesha kama mita 60 ziliheshimiwa kwenye mchoro zikasahaulika kwenye msingi.

Kama muuzaji ana ndoa, ridhaa ya mwenzi wake iandikwe na isainiwe, kwa maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa hiyo, na nyumba inaweza kuwa mpya huku ndoa ikiwa ya miaka 30. Pangani ina jamaa wengi wenye ndugu Muscat na kwingineko Uarabuni, na kwa anayenunua akiwa huko, njia salama ni hati ya uwakilishi iliyosajiliwa, huku umiliki ukiandikwa kwa jina la mnunuzi mwenyewe. Aliyeacha uraia wa Tanzania apate kwanza ushauri wa wakili, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ina masharti ya pekee kwa asiye raia.

Kuhusu Bweni, maisha ya familia hufuata njia ya kuvuka, kwa kuwa hospitali ya wilaya na ofisi nyingi ziko mjini. Wauzaji wa upande huo hulitaja daraja la mita 525 la barabara ya Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo kama sababu ya kupandisha bei, na hawajakosea. Lakini barabara kuu ina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati, na nyumba iliyojengwa haraka ili iuzwe kwa bei ya daraja inaweza kuwa imeingia humo. Pima upande wa barabara kama ulivyopima upande wa mto.

Malipo yapite benki, kwa mkataba ulioandikwa na wakili wako, na yagawanywe. Mgawanyo ninaoupendelea ni sehemu ya kwanza wakati wa kusaini, sehemu kubwa pale uhamisho unapoidhinishwa, na sehemu ndogo, asilimia tano hadi kumi, inayobaki kwa wakili mpaka masika ya kwanza yapite, ili lipu ikitoa chumvi au choo kikirudisha maji, mjenzi awe na sababu ya kurudi. Muuzaji atalikataa sharti hili mwanzoni. Akilikataa kabisa, muulize ni kasoro ipi anayoitarajia. Mkataba useme wazi nani analipa kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida na kwa kawaida ni mzigo wa muuzaji, na nani analipa ushuru wa stempu wa asilimia moja. Kama muuzaji ni kampuni iliyosajiliwa kwa VAT, uliza kwa maandishi kama bei imejumuisha kodi hiyo.

Msajili wa Hati akishaandika jina lako, lipa pango la ardhi la mwaka, na kabla ya kukabidhiwa funguo nunua umeme kidogo kwa namba ya LUKU ya nyumba hiyo. Kodi ya jengo hukatwa humo, na risiti itakuonesha kama kuna deni la miezi iliyopita ambalo muuzaji anapaswa kulimaliza kwanza.