Kofia ya jua ambayo mtoto haivui kila dakika

Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu akiivua kofia, mara nyingi kuna kinachomkera: inabana, inamshukia machoni, au ukingo wa nyuma unagonga kiti cha kigari na kuisukuma mbele. Anzia hapo kabla ya kusema ni mkaidi.

Pima kichwa kwa tepu ya fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi na masikio, ukipitia pale kisogo kilipochomoza. Kofia izidi kipimo hicho kwa sentimita 1 tu. Ukingo uwe wa sentimita 5 hivi kuzunguka pande zote, na nyuma uwe laini ili aweze kuegemea. Kapelo haifai, inaacha masikio na shingo wazi. Inua kitambaa kwenye mwanga. Ukiona unapenya sana, tafuta kingine.

Kamba ya kidevuni iwe ya kuachia ikivutwa, kama ya velkro. Ya kufunga fundo inaweza kumnyonga ikinasa kwenye bembea. Acha nafasi ya vidole viwili, na akisinzia ivue.

Mvalishe mkiwa bado ndani, kisha mpe kitu cha kushika kwa mikono yote miwili. Wewe nawe vaa yako. Akiivua, irudishe kimyakimya. Ukicheka au kumkimbiza, tayari umeanzisha mchezo. Akiitupa tena, hamieni kivulini mpaka akubali, hasa kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni.