SOMO: Kapime homa ya papasi kabla hujaenda kwa daktari bingwa

Kila sikukuu zikiisha, au baada ya msiba kijijini, simu ni zilezile: "Nililala kwa bibi kule Mvumi, Dodoma, homa inakuja inaondoka, malaria hamna, niombe rufaa?" Nimechoka. Naandika hapa mara moja: huenda ni homa ya papasi, kupe anayejificha kwenye nyufa za nyumba za udongo. Mimi si daktari, niliugua tu.

1. Andika tarehe: ulilala lini kwenye tembe (nyumba ya udongo), homa ilianza lini, ilishuka lini, ilirudi lini.

2. Usimeze antibayotiki ya duka la dawa. Parasetamo sawa.

3. Nenda kituo chenye darubini. Kile kipimo cha haraka cha kidoleni kinatafuta malaria tu.

4. NENDA HOMA IKIWA JUU. Hapa ndipo nilipoharibu. Homa ilinishika Jumatano, nikajiambia nitaenda Jumatatu, siku ya gari la mjini. Jumamosi usiku nikatoka jasho mpaka godoro likalowa, asubuhi mzima kabisa, nikala ugali na mlenda. Jumatatu nikapimwa, damu safi. Nikaambiwa "una UTI", nikapewa vidonge vya siku tatu. Wiki haijaisha, homa hii hapa tena. Homa ikishuka, vijidudu hupungua kwenye damu hadi darubini haivioni, lakini havijaisha. Kwa hiyo ukianza kutetemeka saa nane usiku, panda bodaboda usiku huohuo. Usisubiri Jumatatu. Na ukikuta damu safi wakati huna homa, hilo si jibu. Rudi homa ikipanda.

5. Maabara taja neno "papasi". Mtu akitafuta malaria tu anaweza kuvipita vijidudu hivi. Safari ya pili mtaalamu aliniita nichungulie: vijiuzi vya zambarau vilivyojisokota kama springi ya peni iliyovutwa.

6. Omba majibu kwa maandishi. Bingwa akute karatasi, siyo hadithi.

7. Wakikupa dawa, dozi ya kwanza meza palepale na ukae. Saa chache baadaye unaweza kutetemeka vibaya, homa ikapanda na presha ikashuka. Ni vijidudu vinakufa kwa pamoja, ila usiwe peke yako nyumbani.

MASWALI

Kijana wa Kizota: Mkuu nitajie dozi ya doksi, ile antibayotiki, nimalize mambo, sina muda wa foleni.
Jibu: Soma namba 2.
Kijana wa Kizota: Si umejibu hovyo?
Jibu: Umeuliza hovyo. Nilishaona slaidi (kile kioo cha damu cha darubini) iliyosafishwa na vidonge viwili vya dukani, mgonjwa akabaki hana jibu.

Mama Nuru: Samahani kaka, mdogo wangu ana mimba ya miezi sita, katoka Chamwino, ana homa. Asubiri kliniki?
Jibu: Hapana dada, mpeleke leo. Homa hii hutoa mimba. Mkifika tu mseme ni mjamzito, maana doksi si dawa yake, wana nyingine.

Mdadisi wa Bahi: Nimesoma kuhusu Lyme ya Marekani, dalili zinafanana. Nikapime hiyo?
Jibu: Swali zuri. Ni ndugu: vijidudu vyote viwili ni wa jamii ya borelia. Lyme ni mji wa Connecticut, na ugonjwa wake huletwa na kupe wa vichakani anayeng'ang'ania mwilini siku nzima na zaidi. Papasi wetu anakunyonya usiku, chini ya saa moja, halafu anarudi ufani, asubuhi humkuti. Kipimo cha Lyme hutafuta kinga za mwili, nazo huchukua wiki kadhaa kujitokeza. Tena ukiwa na hii ya papasi kinaweza kukuonyesha Lyme ambayo huna. Anza na slaidi.

Mgogo Mjini: Mbona bibi analala humohumo haugui?
Jibu: Wenyeji wameshaumwa toka utotoni, miili imezoea kiasi. Mgeni ndiye anayeugua sana.

Mama Nuru: Amekutwa navyo, kalazwa, anaendelea vizuri. Sasa nyumba tuifanyeje?
Jibu: Afadhali dada. Zibeni nyufa za sakafu na kuta, alale kitandani ndani ya chandarua, siyo mkekani.

Mgogo Mjini: Na kitanda kisiguse ukuta. Sisi tulikisogeza shubiri mbili.