Namna ya Kupiga Gitaa Kavu kwa Mtindo wa Gabby Pahinui

Gabby Pahinui, mwanamuziki wa Hawaii aliyezaliwa mwaka 1921 na kufariki mwaka 1980, alichangia kuliko wengi kuutoa hadharani upigaji wa gitaa lenye nyuzi zilizolegezwa, uitwao kī hōʻalu. Ufundi huo ulichipuka baada ya wachunga ng'ombe wa Mexico kufika visiwani na magitaa yao katika miaka ya 1830, kisha ukarithishwa ndani ya familia, ambazo nyingi zilificha namna zilivyopanga sauti za nyuzi. Kumsikiliza Gabby ni vyema, lakini anayetaka kumwelewa hana budi kushika gitaa.

Anza kwa kulegeza nyuzi tatu. Uzi wa sita, ulio mnene kuliko wote, uushushe kutoka E hadi D (herufi hizi ni majina ya noti), ukiulinganisha na uzi wa nne. Wa tano uushushe kutoka A hadi G, ukiulinganisha na wa tatu. Na wa kwanza kutoka E hadi D. Zipige zote bila kubonyeza popote: zikitoa kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya G iliyotulia, umepatia.

Sasa kishughulikie kidole gumba, maana hapo ndipo kazi ilipo. Kipige uzi wa tano, kisha wa nne, kwa kupokezana na kwa mwendo usiobadilika, kabla ya kuviruhusu vidole vingine kugusa nyuzi nyembamba. Wanafunzi wengi hukimbilia madoido, na besi ikayumba. Sikiliza "Hiʻilawe", wimbo ambao Gabby aliurekodi katika miaka ya 1940: sauti yake inapanda hadi juu kabisa, huku besi ikiendelea kama mapigo ya moyo. Kwa hiyo imba unapojizoeza, hata kwa sauti ndogo, na ikiwezekana piga pamoja na wenzako. Nyumbani kwake Waimānalo, kisiwani Oʻahu, wanamuziki walikusanyika wakapiga kwa muda mrefu, na wanawe, akiwemo Cyril, wakakulia humo hadi wakawa wapigaji mahiri.

Besi ikishatulia, ushushe pia uzi wa tatu kwa nusu toni, uwe F kali (F#), noti iliyo chini kidogo ya G. Upige ukiwa wazi, kisha papo hapo udondoshee kidole kwa nguvu kwenye nafasi ya kwanza ya shingo ya gitaa bila kuupiga tena, ili sauti iteleze yenyewe hadi G.