Me gusta: Kusema unachopenda na usichopenda kwa Kihispania

Wengi wetu tunaofika Hispania tunajifunza Kihispania kwa kupitia Kiingereza, na hapo ndipo tunapopotea. Tunatafuta neno la "ninapenda", tunaishia kusema yo gusto café, na mwenye mkahawa anabaki kutukodolea macho. Weka Kiingereza kando, urudi kwenye Kiswahili chako. Sisi tunasema pia "kahawa inanipendeza", na hiyo ndiyo me gusta el café. Kahawa ndiyo inayotenda, wewe unatendewa.

Ukilishika hilo, mengine yanafuata. "Chungwa linanipendeza" ni me gusta la naranja. "Machungwa yananipendeza" ni me gustan las naranjas. Kitendo nacho huchukua gusta: me gusta cocinar, yaani kupika kunanipendeza. Hata ukiongeza cha pili, me gusta cocinar y bailar (kupika na kucheza dansi), gusta haibadiliki. Ila usiziache el, la, los na las mbele ya jina la kitu. Kosa hili tunalifanya sana kwa sababu Kiswahili hakina vijineno hivyo.

Na me, te, le, nos, os, les? Ni zilezile ni, ku, m, tu, wa, wa tunazozipachika ndani ya kitenzi. Os ni ya "nyinyi" mliozoeana, na utaisikia Hispania. Amerika ya Kusini wanatumia les. Ukimtaja mtu mwenyewe, tanguliza a: a mi madre le gusta el pescado, yaani mama yangu samaki humpendeza.

Kanuni hii itakufaa hata kwa daktari. Kichwa kinaniuma, me duele la cabeza. Meno yananiuma, me duelen los dientes. Moshi unanikera, me molesta el humo. Kwangu mimi hakuna Mhispania aliyewahi kunieleza jambo hili vizuri kama Kiswahili chenyewe kilivyonieleza.

Kwa uzito: me encanta ni kupenda mno, wala haihitaji mucho, yaani "sana". No me gusta mucho ni kukataa kwa upole, no me gusta nada ni kukataa kabisa. Mwenzako akisema anapenda, nawe pia, jibu a mí también. Akisema hapendi, nawe hupendi, a mí tampoco. Jihadhari na me gustas. Ukimwambia mfanyakazi mwenzako hivyo, umemtongoza. Kama unampenda kwa wema wake tu, sema me caes bien.

Sasa chakula, maana huko ndiko maneno haya hutumika kila siku. Jumapili moja pale Madrid jirani yangu, bibi wa miaka 80 na kitu, alinibishia hodi ameshika bakuli la callos. Harufu ilikuwa ya supu ya utumbo kabisa. Nikachungulia: kati ya utumbo mlikuwa na vipande vyekundu vya chorizo, soseji ya nguruwe, na vyeusi vya morcilla, soseji ya damu ya nguruwe. Mimi ni Muislamu.

Kwa malezi yetu, kukataa chakula ulicholetewa ni kumvunjia mtu heshima, kwa hiyo ulimi hukimbilia sí, me gusta. Ukisema hivyo, utaletewa tena. Ukisema no me gusta, utasihiwa uonje, kwani atadhani hujawahi kupikiwa vizuri. La kusema ni moja: Muchas gracias, pero no como cerdo, yaani asante sana, lakini sili nguruwe. Si suala la ladha tena, na hakuna atakayenuna.

Nilimwambia hivyo. Jumapili iliyofuata akaja na tortilla de patatas, mayai na viazi vilivyokolea mafuta ya zeituni, ingali na joto. Yeye kwa utu uzima wake huniita tú. Mimi humjibu kwa usted, ndiyo shikamoo yangu kwake. Akasimama mlangoni mpaka nilipomeza tonge la kwanza.

—¿Te gusta?

—Me encanta, señora. ¿Y a usted, le gusta el té con jengibre? Pase, pase. (Na wewe bibi, chai ya tangawizi inakupendeza? Karibu ndani, karibu.)